MGENI NA BENKI YA POLANDI

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Mimi sijatoka Nyamira, lakini kaka yangu anasoma Warsaw, nchini Polandi, na makosa yetu yamenifunza.

Siku moja alinipigia simu akanisomea nambari ya akaunti yake ili mama amtumie kodi ya chumba. Mama alikuwa amepata bonasi ya majani chai. Tukapanda matatu hadi Kisii mjini, tukapiga foleni, kumbe nimeandika tarakimu 25! Karani akaturudishia fomu. Nauli ikaenda bure, na kaka akabaki akimbembeleza mwenye nyumba juma zima.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiwa na mtu wako huko, zingatia haya:

1. Nambari ya akaunti ya Polandi ina tarakimu 26. Ukituma kutoka nchi nyingine, herufi PL hutangulia. Tarakimu mbili za kwanza ni za kukagua makosa, kisha hufuata mafungu sita ya tarakimu nne nne. Aitume kwa maandishi, nawe uyahesabu mafungu.

2. Andika jina kama lilivyo katika pasipoti yake. Lile la kumwitia chakula liache nyumbani.

3. Polandi iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, lakini haitumii yuro. Pesa yake ni złoty, na złoty moja ni groszy 100. Uliza kwanza shilingi zitabadilishwa mara ngapi njiani, maana kila badiliko hula kitu.

4. Anayesafiri ajifunze kuhesabu kwa Kipolandi mapema. Herufi ł husomwa kama w yetu, na w yao husomwa kama v. Tena moja ni złoty, mbili ni złote, tano ni złotych. Msicheke! Sisi nasi husema kitu kimoja, vitu viwili. Isitoshe, maneno yao mengi hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili chetu.

Kaka anasema alianza na salamu tu, akawa anaitikia kila kitu pale benki bila kuelewa. Sasa anaijua hesabu, na asipoelewa huuliza kabla ya kutia sahihi.

Muhula huu tulimtumia tena. Nilihesabu mafungu mara tatu, mama akahesabu ya nne. Zikafika.

Kuuliza si ujinga. Wasalaam.