Nyama ya Kulungu Kwenye Mfuko wa Msaada

Mama aliyehamia Iowa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huenda kituo cha kugawa chakula kufuata mchele na maharage, akakuta kwenye friza pakiti ya nyama ya kusaga, nyekundu kupita ya ng'ombe, imeandikwa kwamba haiuzwi. Ni nyama ya kulungu wa porini, iliyotolewa na mwindaji. (Mnyama mwenyewe si kulungu wa kwetu, ingawa jina tumempa hilo hilo: huyu dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha mpya.) Haya ndiyo maswali ambayo pakiti hiyo huzua nyumbani.

Nyama nzima, bure? Ina kasoro gani?

Haina. Ni bure kwa sababu kuiuza ni kosa. Katika karne ya 19 kulungu wa Marekani waliwindwa kwa ajili ya soko hadi wakakaribia kwisha. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ikazuia kuvusha mawindo haramu kutoka jimbo hadi jimbo, na majimbo yenyewe yakapiga marufuku uuzaji. Hadi leo mwindaji anaweza kula mawindo yake, kumgawia jirani au kuyatoa msaada, lakini si kuyapeleka sokoni. Nyama ya kulungu unayoiona ikiuzwa dukani ni ya kufugwa. Tanzania, kwa kulinganisha, inaruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni.

Marufuku hiyo, pamoja na ulinzi mwingine, ilifanya kazi kupita matarajio. Sasa kulungu wenye mkia mweupe ni makumi ya mamilioni. Wanakula mahindi na soya ya wakulima, na ajali zao na magari hupita milioni moja kwa mwaka. Idara za wanyamapori zinataka wapunguzwe, hasa majike. Lakini mwindaji aliyekwisha jaza friza yake ampige wa pili wa nini? Mpango wa msaada ndio unaompa sababu, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ujanja wake: shibe ya mmoja inageuka kitoweo cha wengine, na shamba la mkulima linapumua.

Bucha analipwa na nani?

Inategemea jimbo. Virginia walianza mwaka 1991. Iowa ina mpango uitwao HUSH tangu 2003, ambapo kila kibali cha kuwinda kulungu kinaongezewa dola 1, na fedha hizo ndizo zinazowalipa wachinjaji. Mwindaji humtoa mnyama matumbo, humfunga lebo ya kibali, humfikisha kwenye bucha iliyojiandikisha, na kazi yake imeisha. Mnyama mmoja hutoa kama kilo 20 za nyama, yaani sahani 200 za gramu 100.

Je, ni salama?

Kwa watu wazima wengi, ndiyo, ikipikwa vizuri. Ila kuna jambo ambalo ningependa kila mama alijue. Kiswahili kinaita risasi kile kinachotoka bundukini, na madini yake pia ni risasi. Madini hayo ni sumu, na yakimpiga mnyama humeguka vipande vidogo visivyoonekana, ambavyo husambaa mbali na jeraha. Mwaka 2008 daktari mmoja wa North Dakota alipitisha pakiti za msaada kwenye mashine ya CT, na nyingi zikaonekana zina vipande hivyo. Idara ya afya ya jimbo ikavitaka vituo viitupe nyama hiyo, kisha ikashauri wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wasile kulungu aliyepigwa kwa risasi ya madini hayo. Minnesota nayo ikaanza kupitisha nyama ya msaada kwenye eksirei. Aliyepigwa kwa mshale au kwa risasi ya shaba hana tatizo hilo, lakini pakiti kwa kawaida haisemi. Kwa mjamzito na mtoto mdogo, basi, bora iachwe.

Upo pia ugonjwa wa kulungu uitwao CWD, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967, ambao sasa uko katika majimbo zaidi ya 30. Hakuna mtu aliyethibitika kuupata kwa kula nyama. Hata hivyo moto wa jikoni hauiharibu protini inayousababisha, na ushauri wa wataalamu ni kutokula mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Sehemu zenye ugonjwa, uliza kituoni kama nyama ilipimwa.

Sisi Waislamu je?

Mnyama mwenyewe ni halali. Shaka iko kwa mwindaji: alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua? Pakiti haiwezi kukujibu, kwa hiyo muulize sheikh wako. Tena baadhi ya mabucha huchanganya mafuta ya nguruwe ili nyama isikauke. Soma lebo.

Inapikwaje?

Haina mafuta, kwa hiyo tia mafuta sufuriani kwanza, kaanga kitunguu, ndipo uweke nyama. Iive hadi ndani, nyuzi 71 kwa wenye kipimajoto. Kwenye sambusa inakubali sana, na kwa sombe pia. Katlesi zitamomonyoka usipotia yai.