Malezi ya Mtoto Kabla ya Chuo

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa mtoto wa miaka 3 hata 5 hujifunza kwa kucheza, kuiga na kuuliza. Wala kuuliza kwake si utovu wa adabu. Tazama Njombe na Makambako: nchi ya mahindi na viazi, na pamoja na hayo uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha yapata nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kushiba siko kukua. Na aliyedumaa mwili, fahamu yake nayo huweza kuchelewa. Basi yatupasa sisi akina baba, wala si mama peke yake, kumpa mtoto maharagwe, yai na maziwa pamoja na ugali, kumjibu aulizapo, na kumwacha acheze. Mtoto ni amana, na aliyepewa amana ataulizwa.