Simu Mkononi, Siri za Jirani



Katika nyumba zetu nyingi leo, kitu cha kwanza kushikwa asubuhi si rozari bali simu. Hatusemi hivi ili kumlaumu yeyote, kwani sisi wenyewe tumo. Katika somo hili tutazame mema ambayo simujanja imetuletea, kisha tujiulize inachukua nini kwetu na kwa wenzetu.

1. Mema yake

Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati Inter Mirifica mwaka 1963, Kanisa limevipokea vyombo vya mawasiliano kama zawadi ya kutumiwa vema. Matunda tunayaona. Katekista wa kigango cha mbali anapata masomo ya Misa na Sala ya Kanisa bila kungoja kitabu kutoka mjini. Familia ya mgonjwa inampata padre usiku uleule. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imemwezesha mzazi kulipa ada bila kusafiri na fedha mfukoni.

2. Inachukua nini?

Ili simu ipigiwe, mtandao lazima ujue iko karibu na mnara upi. Hilo halikwepeki. Lakini programu nyingi huomba zaidi ya zinachohitaji: tochi inataka kujua mahali tulipo, mchezo unataka orodha ya namba zetu. Nasi tunabonyeza "Ruhusu" bila kusoma.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Tunaporuhusu orodha ya namba isomwe, tunatoa majina ya mama, mlezi na jirani ambao hatukuwauliza. Hivyo faragha si mali yetu peke yetu, kwamba tuigawe tupendavyo. Ndani yake mna watu wengine.

Mwaka 2021, huko Marekani, padre mwenye wadhifa mkubwa katika Baraza la Maaskofu alijiuzulu baada ya chapisho moja la habari za Kikatoliki kufuatilia nyendo za simu yake kwa taarifa zinazouzwa kibiashara. Hatumhukumu wala hatumtetei. Tunajifunza tu kwamba nyendo za mtu sasa ni bidhaa sokoni.

3. Kanisa linafundisha nini?

Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya upendo na uwajibikaji kwamba nafsi ya mtu haipaswi kutumiwa kama chombo tu. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inakataza kumharibia mtu jina lake jema isivyo halali, au kuvunja haki yake ya kulinda faragha. Nchini mwetu, Katiba inailinda faragha katika ibara ya 16, na mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mtu anaweza kusema: "Asiye na kosa ana nini cha kuficha?" Tunajibu kwamba faragha si maficho ya dhambi. Mgonjwa hana kosa, lakini hapendi picha yake kitandani izunguke. Siri ya mtungi aijuaye kata. Si kila apitaye kisimani.

4. Kwetu parokiani

Tuanze na sadaka. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Bwana anataka mkono wa kushoto usijue utendacho wa kuume. Sadaka ya simu hufika na jina na kiasi. Mjane aliyetumbukiza sarafu kapuni hakujulikana na mhasibu, leo anajulikana. Basi anayepokea ujumbe huo ameaminiwa siri, na kuusambaza kwenye kundi la jumuiya ili "kuwahamasisha" wengine ni kumwaibisha mwenye kidogo.

Pili, wagonjwa na wafiwa. Tuwaombee kwa majina wakiridhia, lakini picha na maelezo ya ugonjwa tuyaache kwao.

Tatu, maungamo. Sheria ya Kanisa juu ya adhabu, iliyorekebishwa na kuanza kutumika Desemba 8, 2021, inaagiza aadhibiwe yeyote anayerekodi maungamo kwa chombo cha kiufundi au kuyatangaza. Basi ni busara padre na muungamaji waziache simu nje ya kiti cha kitubio.

5. Tuazimie

Jioni, tunapotafiti dhamiri, tuongeze swali moja: leo nimetuma habari ya nani, naye aliridhia? Kisha tufungue mipangilio ya simu na tuondoe ruhusa zisizo na sababu. Ni kazi ya dakika chache, na ni tendo la upendo kwa kila mtu ambaye jina lake limo humo.

Maswali ya jumuiya

1. Kundi letu la simu lina taratibu gani kuhusu picha za wagonjwa?
2. Nani huona majina ya watoa sadaka, na huyatumiaje?
3. Je, kuna mtu tunayepaswa kumwomba radhi kwa ujumbe tuliousambaza?