Kwa Nini Sindano Moja Haitoshi

Mtoto wako alipochomwa sindano ya juma la 6, ya kukinga kifaduro, dondakoo na pepopunda, labda ulisema, "Sasa amekingwa." Lakini mganga alikuambia urudi juma la 10, tena la 14. Wakati wa mvua, njia za Bagira zikiwa tope tupu, safari hiyo si nyepesi. Basi yafaa ujue kazi inayofanyika mwilini katika majuma yale.

Ndani ya uboho wa mifupa huzaliwa chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe B. Kila moja ina mkono wa kushika kitu cha namna moja tu. Husafiri kutoka tezi hata tezi, za shingoni, za kwapani, za kinenani, kama mtu wa Bagira azungukaye soko la Kadutu akitafuta kitu kimoja. Nyingi hufa bila kukiona. Lakini dawa ya sindano ikifika katika tezi, chembe chache huikuta inalingana na mikono yao. Zikisaidiwa na chembe za namna nyingine, huanza kuzaana: moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Ndiyo maana pengine tezi huvimba kidogo. Usiikande wala usiichanje kwa wembe. Ikizidi kukua au ikitoa usaha, mlete mtoto.

Tena, watoto wa chembe hizo hawafanani kabisa na mama yao. Huzaana upande mmoja wa tezi, kisha huhamia upande wa pili kupimwa. Zenye mkono dhaifu hufa. Zinazoshika vizuri hurudi kuzaana tena. Kazi hiyo huchukua majuma. Mwishowe baadhi yao huwa watengenezaji wa antibodi, yaani silaha za damu, na wengine wa hao huhamia katika uboho wakakaa miaka mingi. Nyingine hubaki zikitembea, zikikumbuka adui.

Mara ya kwanza antibodi huchelewa juma moja au mawili, na ni chache. Sindano ya pili huzikuta chembe za kumbukumbu tayari, na antibodi huja kwa siku chache, nyingi na zenye nguvu zaidi.

Kumbukumbu hiyo hukaa muda gani? Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Zaidi ya miaka kumi baadaye, wataalamu, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, walichukua damu ya mtu mmoja aliyepona. Chembe B za kumbukumbu zilikuwamo bado! Kutoka kwao ikapatikana dawa iitwayo mAb114. Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina mwaka 2018 na 2019, mwaka ambao Ebola ilifika hata Mwenga, katika jimbo letu. Kwa kila wagonjwa 100 waliopewa dawa hiyo walikufa 35. Kwa wale waliopewa dawa nyingine ya kulinganishia, walikufa karibu 50.