Majirani wa Stroberi: Kuchagua Mimea ya Kupanda Pamoja Nayo katika Bustani ya Nyumbani

Stroberi ni tunda lisilomenywa. Chungwa lina ganda, ndizi ina ganda, na hata embe aghalabu tunalimenya; lakini stroberi hutiwa kinywani pamoja na chochote kilichoanguka juu yake. Katika bustani ya nyumbani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mchumaji wa kwanza mara nyingi ni mtoto, naye hangoji tunda lioshwe. Ndiyo sababu familia nyingi zinazopanda stroberi hutafuta namna ya kupunguza dawa, na njia inayotajwa sana ni kupanda kando yake mimea mingine inayosemekana kuilinda.

Njia hiyo ina ukweli ndani yake, ila imezungukwa pia na maneno mengi ya kibiashara. Katika somo hili tunatenganisha mambo hayo mawili. Kipimo tunachokitumia ni kimoja: mmea jirani lazima uwe na kazi inayojulikana, pamoja na njia inayoeleweka ya kuifanya kazi hiyo. Anayekuuzia mche au mbegu kwa sifa ya kufukuza wadudu wote, bila kueleza ni wadudu gani na kwa namna gani, hajakupa sababu ya kutoa fedha zako.

Tabia ya stroberi

Stroberi hustawi zaidi katika maeneo ya miinuko yenye ubaridi, kama vile Lushoto, Njombe na miteremko ya Mlima Meru. Mizizi yake mingi hukaa katika sentimita 15 hadi 30 za juu ya udongo. Huhitaji jua kwa saa sita au zaidi kila siku, na hupenda udongo wenye tindikali kidogo, yaani pH kati ya 5.5 na 6.5, usiotuamisha maji.

Kutokana na tabia hizo, jirani mwema hutimiza masharti matatu. Kwanza, asiinyang'anye stroberi maji na chakula cha juu ya udongo. Pili, asiifunike kwa kivuli wala kuzuia hewa kupita, kwa sababu unyevu unaodumu majanini na matundani hualika ukungu wa kijivu. Tatu, asiwe mlango wa magonjwa na wadudu wanaoishambulia stroberi yenyewe.

Majirani wenye kazi inayoeleweka

Kitunguu saumu. Adui mkubwa wa stroberi wakati wa kiangazi ni utitiri, kiumbe mdogo mno anayefyonza maji ya majani upande wa chini na kuacha utando mwembamba kama wa buibui. Majaribio yaliyofanyika nchini Brazili yalionyesha kwamba kupanda kitunguu saumu kati ya mistari ya stroberi kulipunguza idadi ya utitiri. Neno la kuzingatia hapo ni kupunguza: kitunguu saumu hakiumalizi utitiri, wala vitunguu viwili vilivyopandwa pembeni mwa shamba havitoshi. Kinapaswa kuwa karibu na kwa wingi. Faida nyingine ni kwamba majani yake ni membamba, hayatoi kivuli kikubwa.

Mimea yenye maua yapendwayo na nyuki. Vijipunje vinavyoonekana juu ya stroberi ndivyo vinavyoamua umbo la tunda. Kila kijipunje huhitaji kuchavushwa, na pale visipochavushwa nyama ya tunda haijai. Tunda hutoka limepinda au limebonyea. Wapo wanaoona matunda hayo, wakadhani ni ugonjwa, wakanyunyiza dawa na kuwaua nyuki wachache waliobaki. Msimu unaofuata matunda hupinda zaidi. Utafiti uliofanyika katika bustani za nyumbani nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba stroberi zilizopandwa pamoja na boraji, mmea wenye maua ya buluu yapendwayo sana na nyuki, zilizaa takriban theluthi moja zaidi ya zile zisizokuwa na jirani huyo. Si lazima kuagiza mbegu za boraji kutoka mbali. Mrehani ulioachwa utoe maua huwavuta nyuki vilevile, nao unapatikana kwa urahisi.

Giligilani. Maua yake madogo meupe huwalisha nzi wa maua, wadudu wenye milia kama ya nyuki lakini wasiouma. Viluwiluwi vya aina nyingi za nzi hao hula vidukari. Hapa kazi haifanywi na majani yanayoliwa jikoni, bali na maua. Kwa hiyo giligilani iliyochumwa kila siku haiwezi kuifanya. Panda mbegu chache kila baada ya wiki tatu, na uache mashina machache yafikie kuchanua.

Saladi. Mboga hii haifukuzi mdudu yeyote, nasi hatupendi idaiwe kufanya hivyo. Faida yake ni kuitumia nafasi iliyo wazi wakati miche ya stroberi ingali midogo, na kuvunwa kabla haijaanza kusongamana.

Majirani wanaosifiwa kupita kiasi

Maharage hutajwa karibu katika kila orodha kuwa rafiki wa stroberi kwa sababu hutengeneza naitrojeni. Ni kweli kwamba bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya maharage huivuta naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo, sehemu kubwa hubaki ndani ya mmea wenyewe, na stroberi hunufaika zaidi baada ya masalia ya maharage kuoza. Aidha, maharage ni miongoni mwa vyakula vinavyopendwa mno na utitiri uleule unaoishambulia stroberi. Kwa hiyo maharage ni mtangulizi mwema, lakini ni jirani wa kutiliwa shaka. Yapande msimu mmoja kabla, kisha uyakate usawa wa ardhi na kuiacha mizizi iozee udongoni.

Marigodi, yale maua ya njano na ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, huuzwa kwa sifa ya kuua minyoo ya udongoni. Mizizi yake kweli hutoa kemikali inayowadhuru baadhi ya minyoo fundo. Lakini matokeo hayo hupatikana pale marigodi zinapopandwa kwa msongamano katika eneo zima, kwa miezi kadhaa, kabla ya zao lenyewe. Mashina matatu kwenye kona ya tuta ni pambo zuri; si tiba ya udongo.

Mnanaa una harufu nzuri, lakini mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na kuliteka tuta lote. Ukiutaka uwe karibu, uweke ndani ya chungu.

Jirani wa kuepukwa

Usipande stroberi pamoja na nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo, wala mahali mazao hayo yalipokuwa katika miaka mitatu iliyopita. Mazao hayo hushirikiana na stroberi ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na kuvu aishiye udongoni, ambaye huweza kukaa humo kwa miaka mingi akingoja mmea mwingine. Mnavu ni wa ukoo huohuo, na bamia pia huupata ugonjwa huo. Onyo hili linazigusa hasa familia za nyanda za juu, ambako viazi mviringo hulimwa karibu kila mahali: kipande cha ardhi kilichotoka kuvunwa viazi huonekana laini na tayari, kumbe ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote.

Mfano wa tuta moja

Chukua tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Panda mistari miwili ya stroberi iliyoachana kwa sentimita 40, na kati ya shina na shina uache sentimita 30. Utapata mashina 20. Katikati ya mistari hiyo miwili, panda punje za kitunguu saumu kwa nafasi ya sentimita 15; zitatosha takriban punje 20. Kwenye kingo mbili za tuta panda saladi wakati miche ya stroberi ingali midogo. Nje kidogo ya ncha moja weka mrehani, na nje ya ncha nyingine giligilani. Tandaza nyasi kavu chini ya mashina ili matunda yasiguse udongo, lakini usizirundike zikawa nene na mbichi, kwani konokono hujificha humo. Wakati wa kuvuna vitunguu, mwagia maji kwanza kisha uvute taratibu, usije ukaing'oa mizizi ya stroberi.

Kila asubuhi mbili au tatu kwa wiki, geuza majani machache uangalie upande wa chini. Utitiri na vidukari wakiwa wachache huondolewa kwa kumwagia maji kwa nguvu. Tunda lililoota ukungu liondolewe bustanini siku hiyohiyo.

Ikibidi kutumia kiuatilifu

Majirani wema hupunguza haja ya dawa, hawaiondoi daima. Ikibidi kununua kiuatilifu, hakikisha kimesajiliwa. Nchini Tanzania usajili huo husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020. Kibandiko kitaje namba ya usajili, mazao yanayoruhusiwa na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Usikubali kupimiwa dawa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa: hutaupata muda wa kusubiri, na mtoto anaweza kuinywa.

Muda wa kusubiri ni mgumu kwa stroberi kuliko kwa mazao mengi. Shina moja huwa na maua, matunda mabichi na matunda yaliyoiva kwa wakati mmoja, na matunda huiva kila baada ya siku chache. Kibandiko kikisema siku saba, maana yake ni kwamba kila tunda litakaloiva ndani ya siku hizo saba litupwe, hata likiwa jekundu namna gani. Kuosha kwa maji hupunguza mabaki yaliyo juu ya tunda, lakini hakuondoi dawa iliyokwisha kuingia ndani. Usinyunyize maua yakiwa wazi na nyuki wakizunguka. Na usitumie maji ya tumbaku kwa kudhani kwamba kitu cha kienyeji hakina madhara. Nikotini iliyomo ni sumu kali kwa binadamu.

Kabla ya kununua

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Stroberi tunayoila leo ni chotara wa aina mbili, moja ya Amerika ya Kaskazini na nyingine ya Chile, waliopandikizana nchini Ufaransa katika karne ya 18. Kwa sababu ya uchotara huo, mbegu zinazotoka katika tunda hazitoi mmea unaofanana na mama yake. Aina zenye majina huzidishwa hasa kwa miche inayochipua kwenye vitawi vitambaavyo ardhini. Kwa hiyo pakiti ya mbegu yenye jina la aina maarufu itiliwe shaka, na pakiti yenye picha ya stroberi za buluu ikataliwe kabisa, kwa kuwa stroberi za rangi hiyo hazipo.

Unaponunua miche, geuza majani utafute utando wa utitiri. Tazama mizizi: iwe na rangi ya kung'aa, si myeusi iliyolainika. Muulize muuzaji udongo wa kitalu ulikuwa na zao gani kabla. Ukiuziwa mche pamoja na majirani wake kama kifurushi, uliza maswali matatu: jirani huyu anafanya kazi gani, anaifanya kwa njia gani, na awe wangapi na umbali gani ili ifanyike. Omba risiti, hifadhi kibandiko, na piga picha ya ulichonunua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini malalamiko yasiyo na ushahidi huwa vigumu kuyashughulikia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini maharage yafaa kuitangulia stroberi kuliko kupandwa kando yake?

2. Matunda yako yanatoka yamepinda. Utachunguza nini kabla ya kufikiria dawa?

3. Kipande chako cha ardhi kililimwa viazi mviringo mwaka jana. Je, kinafaa kwa stroberi msimu huu?

4. Umenyunyiza kiuatilifu chenye muda wa kusubiri wa siku saba, na siku ya nne umeona matunda kumi yameiva. Utayafanya nini, na watoto wa nyumbani utawaambia nini?