Taa Nyekundu ya Oili: Yapasayo Kutazamwa Kabla ya Kufungua Injini



Msimu uliopita gari la jumuiya yetu lilikwama mlimani likiwa na magunia 14 ya karafuu mbichi, na injini yake haikuzunguka tena. Siku tatu kabla ya hapo, taa nyekundu yenye sura ya buli ilikuwa imewaka mbele ya dereva. Dereva alifanya yampasayo: alizima gari, akaja kutuarifu. Tuliokosa ni sisi. Fundi aliyeitwa alitwambia kwamba taa hiyo ni mwongo, akatia oili nzito zaidi, taa ikazimika, nasi tukaridhika kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na majamvi yalikuwa yakingoja. Karafuu zile zilikaa maguniani hata kesho yake jioni, zikavunda. Wenyewe wamekwisha lipwa, lakini gharama ya injini imetoka katika mfuko wa wanachama wote. Kwa hiyo ni haki yenu kujua jambo hili lilikuwaje, na la pili litaepukwa vipi.

Kwanza tufahamu presha ya oili ni kitu gani. Pampu iliyo ndani ya injini huvuta oili kutoka katika bakuli la chini, ambalo mafundi huliita sampu, huipitisha katika filta, kisha huisukuma katika njia nyembamba mpaka kwenye beringi za krenki. Nafasi iliyo baina ya beringi na krenki aghlabu ni ndogo kuliko unene wa unywele, na humo ndimo oili inamokaa ili chuma kisiguse chuma. Pampu haifanyi presha peke yake. Presha hutokana na ufinyu wa njia. Anayetaka mfano na aende msikitini siku ya Ijumaa: mifereji yote ya kutilia udhu ikifunguliwa pamoja, maji hutoka kwa unyonge, ingawa pampu ni ile ile. Vivyo hivyo beringi zikilika, oili hupata njia pana ya kutokea, na presha huanguka.

Basi taa ikiwaka ilhali injini inakwenda, zima papo hapo. Usingoje kufika kivulini wala nyumbani. Injini iliyokosa oili huweza kuharibika kwa dakika chache. Ngoja kama dakika kumi, gari likiwa mahali palipo sawa, uchomoe kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza mpaka alama ya juu wala usipite, kwa sababu oili iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu, na pampu haiwezi kusukuma povu. Kisha tafuta ilikopotelea: chini ya gari, penye filta, au katika moshi wa buluu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Oili inayonuka petroli au dizeli, na inayopanda kijitini bila ya kuongezwa, imechanganyika na mafuta ikawa nyepesi. Katika hali hizi mbili gari lisiwashwe tena mpaka fundi alione.

Ikiwa oili ni safi na ya kutosha, tuijaribu taa yenyewe. Ubavuni mwa injini pana swichi ndogo ambayo, kwa magari mengi, huwasha taa presha ikishuka chini ya pauni 5 hadi 7 hivi kwa inchi ya mraba. Fungua ufunguo bila ya kuwasha injini: taa yapasa iwake. Isipowaka, globu imeungua, au waya umekatika, au swichi imekufa, na gari hilo linatembea bila ya mlinzi. Ikiwaka, na swichi ni ya waya mmoja, chomoa waya: taa yapasa izimike. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa chuma mahali. Haya yote hayana gharama hata ya senti.

Lakini ikizimika, bado hatujajua kama mbovu ni swichi au injini. Hapo ndipo fundi wetu alipotakiwa apime asipime. Kipimo cha haki ni geji: swichi hufunguliwa, geji ikafungwa mahali pake, injini ikawashwa mpaka ikapata joto lake la kazi. Injini inayogonga isiwashwe hata kwa kupimwa. Kanuni ya mafundi ni kama pauni 10 kwa kila mizunguko 1000 ya dakika. Ila kitabu cha gari ndicho hakimu, kwani injini nyingine zimeruhusiwa chini ya hapo zikiwa zinanguruma tu pasi na kukanyagwa mafuta.

Geji ikionyesha presha nzuri, badilisha swichi, yamekwisha. Ikionyesha presha haba, badilisha oili na filta, na utie oili ya namba iliyoandikwa kitabuni. Katika 15W-40, ile 40 ndiyo uzito wake injini ikiwa moto. Oili nzito zaidi huinua presha, ni kweli, lakini hairudishi chuma kilicholika, na hupita kwa shida zaidi palipoziba. Tena taa kuzimika ni kuambiwa tu kwamba pauni 7 zimepita. Gari lililopakia na kupanda mlima lahitaji mara kadhaa ya hizo. Hivyo ndivyo tulivyodanganyika.

Bado ikiwa haba, shusha sampu. Ndani yake mna chujio la waya ambalo pampu huvutia oili. La gari letu, lilipofunguliwa baada ya msiba, lilikuwa limezibwa na tope jeusi kama lami, kwa oili iliyopitwa na wakati wake wa kubadilishwa. Kulisafisha ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Valvu ya kupunguzia presha nayo itazamwe, maana uchafu huweza kuiacha wazi; baadaye pampu; mwisho beringi. Dalili ya beringi ni presha nzuri injini ikiwa baridi, kisha kuanguka ikipata moto, na kugonga kwa sauti nzito mlimani. Huko ndiko kushusha injini, na hapana dawa nyingine.

Jumuiya imenunua geji yake, nayo iko ofisini pamoja na vichwa vya kufungia vya aina mbali mbali. Mwanachama mwenye gari ataazimwa kwa siku moja bila ya malipo, kwa kutia saini daftarini. Gari ambalo taa yake inawaka lisiletwe ofisini kwa kuendeshwa. Tuitwe, tutaileta geji huko liliko.