Somo kwa Vijana wa Ukunda: Habari za Mtaa na Intaneti ya Pamoja

Mwisho wa somo hili utaweza kueleza jinsi kikundi cha vijana kinavyoweza kutengeneza habari za mtaa wake, na jinsi ya kuzifikisha kwa jirani bila kumaliza bando lake. Mambo haya mawili huenda pamoja. Video ya mkutano wa bajeti haimsaidii muuza samaki wa Mwabungo ikiwa kuifungua kutamla pesa za nauli.

1. Waliotangulia

Vijana wa Korogocho, Nairobi, walianzisha redio ya Koch FM mwaka wa 2006, studio yao ikiwa ndani ya kontena. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera walizunguka mtaani wakiwa na vifaa vya GPS, wakachora vichochoro, vyoo, shule na zahanati ambazo ramani za wakati huo hazikuonyesha. Kazi hiyo ilijulikana kama Map Kibera. Mwaka uliofuata wakaanza kurekodi habari za video kupitia Kibera News Network. Baadaye Taasisi ya Tunapanda ikaunganisha shule na vituo vya vijana huko Kibera kwa mtandao usiotumia waya uitwao TunapandaNET.

2. Bando linaishia wapi?

Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka wa 2009, mwendo mfupi tu kutoka Ukunda ukivuka Likoni. Hata hivyo, wengi wetu bado tunanunua intaneti kidogo kidogo kwa siku, kila mtu na lake.

Fanya hesabu hii. Tuchukulie video ya dakika tano ina megabaiti 30. Wakazi 200 wakiitazama kila mmoja kwa bando lake, zimetumika megabaiti 6,000. Sasa weka video hiyo hiyo kwenye kompyuta ndogo iliyounganishwa na waifai ya mtaa. Wakazi 200 wataitazama kutoka kwenye kompyuta hiyo, na intaneti ya kulipia haitaguswa.

Gharama pia hugawanyika. Kifurushi cha mwezi cha shilingi 6,000 kikichangiwa na nyumba 60, kila nyumba inatoa shilingi 100.

3. Mtandao wa jamii hujengwaje?

• Chagua jengo moja lenye umeme wa uhakika na intaneti ya kasi, kama vile shule au ukumbi wa jamii.
• Funga antena juu, mahali inapoonana na antena ya jengo la pili. Minazi na miembe huzuia mawimbi, hasa majani yakilowa wakati wa masika.
• Linda vyuma dhidi ya kutu. Upepo wa chumvi wa Diani hula skrubu na viungo haraka, kwa hivyo vikaguliwe mara kwa mara.
• Teua mwekahazina na fundi. Mitambo isiyo na mtu wa kuitunza haidumu.

4. Habari ipi ianze?

Anza na ile ambayo mkazi akiikosa atapata hasara. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Asiyehudhuria mikutano ya wadi kwa sababu yuko kazini hotelini au baharini ana haki ya kujua kilichosemwa. Rekodi hoja kuu, zifupishe kwa dakika tano, na mzisome kwa Kiswahili na Kidigo.

Ukikosa takwimu, ziombe kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21.

5. Sheria za kuzingatia

• Leseni: Mamlaka ya Mawasiliano Kenya iliweka mwaka wa 2021 utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii. Ulizeni kabla ya kununua mitambo.
• Faragha: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha yake ikiwemo.
• Ukweli: Sheria ya 2018 kuhusu makosa ya mitandaoni ilipopitishwa iliweka adhabu kwa anayesambaza uongo kwa makusudi. Habari moja ithibitishwe na watu wawili wasiotegemeana, na anayelaumiwa apewe nafasi ya kujibu.
• Usalama: Mkumbushe kila mtumiaji asimpe mtu yeyote namba yake ya siri ya pesa za simu, hata akijitambulisha kuwa fundi wa mtandao.

Zoezi la kikundi

1. Taja habari tatu ambazo wakazi wa mtaa wenu walizipata zikiwa zimechelewa. Nani alipata hasara?
2. Chora ramani ya mtaa. Weka alama kwenye majengo yenye umeme wa uhakika na yanayoonana.
3. Ulizeni nyumba kumi zinatumia shilingi ngapi kwa bando kila wiki. Jumlisheni, kisha mlinganishe na bei ya kifurushi kimoja cha pamoja.
4. Mkutano ujao wa wadi yenu ni lini, na nani kati yenu atakayerekodi?

Majibu ya swali la tatu myapeleke kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi. Ombi lenye hesabu hujadiliwa. Lisilo na hesabu huahirishwa.